Mzinga, Bombom na Bega la Mpagazi: Silaha Mpya na Mbinu za Kivita katika Afrika Mashariki, 1914–1918

Mwanafunzi wa leksikografia anayefungua kamusi ya Kiswahili kwenye kidahizo cha "mzinga" hukuta maana kadhaa, na mbili kati ya hizo zinahusu makala haya. Mzinga ni gogo lililotobolewa ndani na kutundikwa mtini ili nyuki wafanye asali humo. Mzinga, vilevile, ni silaha kubwa ya kurushia makombora. Yamkini aliyelipanua neno hili kutoka maana ya kwanza hadi ya pili aliliangalia umbo tu: kitu kirefu, cha mviringo, chenye uwazi ndani. Tarehe 4 Novemba 1914 maana zote mbili zilikutana mahali pamoja, katika mashamba yaliyouzunguka mji wa Tanga. Jeshi la Waingereza la watu wapatao 8,000, wengi wao askari kutoka Bara Hindi, lilikuwa limeteremka pwani kwa meli likitarajia kuuteka mji huo kwa urahisi. Lilipokewa na askari wapatao 1,000 tu wa Paul von Lettow-Vorbeck. Milio ya silaha ilipozidi, nyuki waliokuwa kwenye mizinga yao mitini walitibuka wakawashambulia watu wa pande zote mbili bila kubagua bendera. Baadaye ulizuka uvumi kwamba Wajerumani walikuwa wamewatega nyuki hao makusudi. Uvumi huo ulikuwa njia ya jeshi kubwa kujieleza mbele ya watu wake baada ya kushindwa na jeshi dogo.

Kilichowashinda Waingereza hakikuwa nyuki. Kilikuwa bunduki za rashasha, ambazo watu wa Tanganyika walizoea kuziita bombom, pamoja na reli iliyomwezesha Lettow-Vorbeck kuwaleta askari wake kutoka Moshi hadi Tanga kabla adui hajajipanga. Kwa ufupi, ilikuwa silaha mpya pamoja na njia ya kuifikisha. Viambajengo hivi viwili ndivyo msingi wa makala haya.

Historia ya vita vikuu aghalabu husimuliwa kama historia ya uvumbuzi: huyu alibuni bunduki, yule akabuni ndege, na kila kilichobuniwa kikabadilisha namna ya kupigana. Simulizi hii si ya uongo, ila ina pengo. Silaha huwa silaha pale inapofika mahali pa vita ikiwa na risasi zake, maji yake na mtu aliyeshiba wa kuitumia. Katika Ulaya pengo hili lilifunikwa na reli. Katika Afrika Mashariki halikuweza kufunikwa. Kila silaha mpya iliyoletwa huku ilikuwa na uzito, na uzito huo ulitua juu ya bega la mtu.

Silaha ya upande mmoja

Kabla ya kuvijadili vita vya 1914, ni vyema kutazama kwa nini majemadari wa Ulaya waliingia vitani wakiwa wamejifunza somo lisilo sahihi. Mwaka 1884 Hiram Maxim alitengeneza bunduki iliyotumia nguvu ya msukumo wa risasi yake yenyewe kujijaza risasi nyingine. Askari mwenye gobori alihitaji kumimina baruti, kusindika goroli na kuwasha. Mwenye bunduki ya kisasa aliweza, akiwa hodari sana, kupiga risasi 15 zenye shabaha kwa dakika. Bunduki ya Maxim iliweza kutoa risasi zipatazo 600 kwa dakika hiyo hiyo. Mtu mmoja aliyeketi nyuma yake alikuwa na nguvu ya watu 40.

Kwa miaka 30 hivi silaha hii ilielekezwa zaidi kwa watu ambao hawakuwa nayo. Huko Omdurman, Sudan, Septemba 1898, zaidi ya wapiganaji 10,000 wa Mahdiyya waliuawa katika asubuhi moja, ilhali upande wa Waingereza na Wamisri ulipoteza watu wasiofika 50. Katika Afrika Mashariki hali ilikuwa ya namna hiyo. Wapiganaji wa Maji Maji walipoishambulia ngome ya Mahenge mwishoni mwa Agosti 1905, walikwenda mbele kwa wingi na kwa uwazi, wakiiamini dawa iliyosemekana kuzigeuza risasi kuwa maji, na bunduki za rashasha za Wajerumani zikawafyeka. Baada ya hapo wengi wao waliacha kushambulia kwa makundi makubwa wakaingia porini, wakapigana kwa kuvizia. Hili ni jambo la kuzingatiwa. Wapiganaji wa Maji Maji walibadilisha mbinu zao ndani ya miezi michache baada ya kukutana na bombom. Majemadari wa Ulaya walichukua karibu miaka minne kufanya hivyo.

Fasihi ya Kiswahili ilikuwepo kushuhudia kipindi hicho. Hemedi bin Abdallah el Buhriy alitunga utenzi kuhusu Wadachi walivyoitamalaki Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini akatunga utenzi kuhusu vita vya Maji Maji. Wahakiki wengi wamezisoma tungo hizi kwa upande wa msimamo wa mtunzi kuhusu ukoloni. Hazijasomwa vya kutosha kama kumbukumbu za watu waliokuwa wakikutana na aina mpya ya vita, ambavyo ushujaa wa mtu mmoja mmoja, nguzo kuu ya utendi wa jadi, ulikuwa ukipoteza thamani yake siku hadi siku. Utendi humhitaji shujaa anayeonekana. Bunduki ya rashasha haimtambui shujaa. Huwafyeka wote walio kwenye mstari wake.

Ulaya: silaha ya pande zote

Mnamo Agosti 1914 mataifa yenye silaha zilezile yalikabiliana. Matokeo yake yanajulikana na hayahitaji kurefushwa hapa. Kufikia mwisho wa mwaka huo askari walikuwa wameingia ardhini, na mahandaki yalienea kutoka Bahari ya Kaskazini hadi mpaka wa Uswisi. Mbele ya mahandaki kulikuwa na seng'enge, na nyuma ya seng'enge bunduki za rashasha. Tarehe 1 Julai 1916, katika siku ya kwanza ya mapigano ya Somme, Waingereza walipoteza watu wapatao 57,000 kwa vifo na majeraha, zaidi ya 19,000 kati yao wakiwa wamekufa. Na hii ilikuwa baada ya mizinga yao kurusha makombora zaidi ya milioni moja na nusu kwa muda wa wiki nzima. Somo la Mahenge lilikuwa limefika Ufaransa.

Majibu yalikuja kwa namna mbalimbali. Wajerumani walitumia gesi ya klorini huko Ypres tarehe 22 Aprili 1915. Waingereza waliingiza vifaru vitani kwa mara ya kwanza tarehe 15 Septemba 1916, vikiwa vichache, vizito na vyepesi wa kuharibika. Ndege, ambazo mwanzoni zilitumwa kuchungulia tu, zilipewa bunduki, kisha mabomu. Lakini kazi yake kubwa ilibaki kupiga picha na kuwaelekeza wapiga mizinga. Hakuna silaha hata moja kati ya hizi iliyovunja mahandaki peke yake. Yaliyoyavunja ni mpangilio: mizinga iliyorusha makombora kwa kusogea mbele hatua kwa hatua, askari wa miguu waliofuata karibu sana nyuma ya pazia hilo la moshi, vifaru vilivyokanyaga seng'enge, na ndege juu yao. Wajerumani, kwa upande wao, waliunda vikosi vidogo vilivyopenya mahali dhaifu na kuyapita yale yenye nguvu, wakavitumia kwa kishindo Machi 1918. Mbinu, basi, ilikuwa imebadilika kutoka mstari mrefu wa watu hadi kikundi kidogo chenye silaha za aina nyingi na kiongozi wa karibu.

Jeshi lililotoka nje ya reli

Kikundi kidogo cha namna hiyo kilikuwa tayari kinafanya kazi katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, kwa sababu nyingine kabisa. Jeshi la huko liliundwa kwa kombania zinazojitegemea: askari Waafrika kati ya 160 na 200, maafisa wachache wa Kijerumani, bunduki za rashasha mbili au zaidi, na wapagazi wa kombania hiyo wenyewe. Kombania iliweza kutembea, kula, kupigana na kutibu majeruhi wake bila kungoja makao makuu. Mpangilio huu ulikusudiwa kuwatiisha wenyeji waliosambaa katika nchi kubwa. Ulipogeuzwa dhidi ya majeshi ya Uingereza, Bara Hindi na Afrika Kusini, ulionekana kufaa vita vya porini kuliko brigedi nzito zilizotegemea barabara.

Udhaifu wake ulikuwa katika bunduki. Kombania nyingi zilianza vita zikiwa na bunduki za muundo wa 1871 zilizotumia baruti ya zamani. Kila risasi ilitoa moshi mzito uliomfichua aliyeipiga. Katika msitu, ambamo asiyeonekana ndiye anayeishi, wingu la moshi juu ya kichwa cha askari lilikuwa sawa na kumwita adui kwa jina. Kwa hiyo ushindi wa Tanga ulikuwa na faida mara mbili. Waingereza waliporudi melini waliacha mamia ya bunduki za kisasa, bunduki za rashasha na malaki ya risasi, na nyara hizo ziliwapa askari kadhaa wa Lettow-Vorbeck silaha isiyotoa moshi. Tangu hapo kupigana ili kupata silaha kukawa sehemu ya mbinu yenyewe.

Upande wa Kenya ya leo somo lilikuja tarehe 12 Februari 1916, kwenye kilima cha Salaita karibu na Taveta. Waingereza walikuwa wamejenga reli kutoka Voi kuelekea huko, wakaleta mizinga, magari ya deraya na maelfu ya askari wapya wa Afrika Kusini. Mizinga ilikipiga kilele cha kilima kwa bidii. Tatizo ni kwamba Wajerumani hawakuwa kileleni. Mahandaki yao yalikuwa chini kwenye kitako cha kilima, yamefichwa vizuri na vichaka. Waafrika Kusini waliposogea walikutana na bunduki za rashasha ambazo hazikuwa zimeguswa, wakarudi nyuma wakiwa wamepoteza zaidi ya watu mia moja. Mzinga bila jicho la kuuelekeza ni kelele tu.

Jicho hilo lilikuwa limekwisha kuonyesha thamani yake kwingineko. Manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha ndani ya delta ya mto Rufiji. Mikoko iliifunika, na maji ya kina kifupi yaliwazuia Waingereza kuikaribia kwa meli zao kubwa. Ilichukua miezi mingi kuimaliza. Waingereza walileta meli mbili za chini chini, Severn na Mersey, zilizoundwa kwa ajili ya mito, na ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia. Ndege hizo ziliteswa na joto na unyevu wa pwani, lakini ziliweza kuona makombora yanakoangukia na kuwaarifu wapiga mizinga kwa simu ya upepo. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg iliangamizwa. Meli ilipigwa na watu ambao hawakuiona, wakiongozwa na mtu aliyekuwa angani. Mbinu hiyo hiyo ilikuwa ikijifunzwa wakati uleule katika mahandaki ya Ufaransa.

Lakini mizinga 10 ya Königsberg haikufa na meli. Wajerumani waliitoa majini, wakaitengenezea magurudumu Dar es Salaam, na kuifanya mizinga ya nchi kavu. Ikawa ndiyo mizinga mizito kuliko yote waliyokuwa nayo. Hapo ndipo swali la msingi linapojitokeza tena: nani aliyeivuta? Kulikuwa na maeneo ambako ng'ombe na farasi hawakuishi wiki chache. Mamia ya watu walifungwa kamba wakaivuta milimani, matopeni na kwenye mchanga wa mito iliyokauka.

Hesabu ya mzigo

Mdudu mmoja aliamua sura ya vita hivi kuliko jemadari yeyote. Mbung'o alieneza ugonjwa ulioua farasi, nyumbu na maksai kwa idadi ambayo hakuna jeshi lililoweza kuifidia. Jan Smuts alipoanza mashambulizi yake makubwa mwaka 1916, aliwategemea wapanda farasi wa Afrika Kusini wazunguke haraka nyuma ya adui, kama walivyozoea kwenye nyika zao. Kikosi cha Jaap van Deventer kilifika Kondoa Irangi kikiwa kimepoteza sehemu kubwa ya farasi wake, kisha mvua za masika zikaigeuza njia ya nyuma yake kuwa tope. Magari yalikwama. Mbinu iliyojengwa juu ya mwendo wa kasi iliishia kusimama.

Kilichobaki ni mpagazi. Ili kuelewa maana ya jambo hili, hesabu ndogo inatosha. Ichukuliwe kuwa mpagazi mmoja hubeba kilo 25 za unga, na hula kilo moja kwa siku. Kama askari wako mbali kwa mwendo wa siku 10, mpagazi atakula kilo 10 akienda na kilo 10 akirudi. Kinachomfikia askari ni kilo 5. Askari mmoja anayekula kilo moja kwa siku, kwa siku hizo 20, anahitaji wapagazi wanne kwa chakula chake tu. Umbali ukizidi siku 12 na nusu, mpagazi hafikishi chochote; amebeba chakula chake mwenyewe. Na hapo risasi hazijahesabiwa bado.

Risasi zina hesabu yake. Mkanda wa bunduki ya rashasha ulikuwa na risasi 250, na kwa kasi ya risasi 600 kwa dakika ulikwisha kwa nusu dakika bila hata kufika. Bunduki yenyewe ilihitaji mtu wa kuibeba, kiti chake cha chuma kikahitaji mwingine, maji ya kupoza mtutu mwingine, na masanduku ya risasi safu nzima ya watu. Silaha iliyosifiwa kwa kumpa mtu mmoja nguvu ya watu 40 ilirudisha watu wale wale kwa mlango wa nyuma, wakiwa na mizigo vichwani badala ya bunduki mikononi. Tofauti ni kwamba watu hawa hawakuwa na silaha, hawakuhesabiwa kuwa wapiganaji, na walilipwa kidogo kuliko askari.

Upande wa Waingereza wapagazi waliandikishwa katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps, jina ambalo vinywa vya wenyeji vililifanya "Kariakoo" au "Kariokor". Wengine walikwenda kwa hiari, wakitafuta pesa za kodi. Wengi walikamatwa. Mwaka 1917, jeshi lilipoingia kusini mwa Tanganyika na umbali ukazidi, serikali ya Kenya ya wakati huo iliendesha uandikishaji mkubwa wa nguvu chini ya John Ainsworth, na machifu walitakiwa kutoa idadi ya vijana waliyoagizwa. Inakadiriwa kuwa kwa jumla watu wapatao milioni moja walitumika kama wapagazi upande wa Waingereza katika miaka yote ya vita. Vifo vilivyoandikwa rasmi vinazidi 95,000, na wanahistoria wengi wanaamini kuwa idadi halisi ni kubwa zaidi, kwa kuwa watoro na waliopotea hawakufuatiliwa. Ni wachache waliouawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Baadhi waliuawa na chakula: watu waliozoea ndizi au mtama walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, bila muda wala kuni za kuupika ukaiva, na matumbo yao hayakuuhimili.

Wajerumani hawakuwa na huruma zaidi. Lettow-Vorbeck aliishi kwa kuchukua chakula cha vijiji alimopita, na wapagazi wake wengi hawakupata hata mshahara. Sifa anazopewa katika vitabu vingi vya Ulaya kama fundi wa vita vya msituni hazitaji sana maghala ya nafaka aliyoyaacha matupu na njaa iliyofuata. Ni haki kusema kwamba alikuwa hodari. Ni haki pia kuuliza hodari huyo alibebwa na nani.

Novemba 1917 Wajerumani walijaribu kuliruka tatizo hili, kwa maana halisi ya neno. Waliituma meli ya angani, L59, kutoka Jamboli huko Bulgaria, ikiwa imejaa risasi na dawa kwa ajili ya Lettow-Vorbeck. Ilivuka bahari ya Mediterania, ikavuka jangwa la Misri, ikafika anga ya Sudan, kisha ikaamriwa kurudi. Ilikuwa hewani kwa saa 95 na kwenda kilomita karibu 6,800 bila kutua. Ulikuwa ufundi wa ajabu kwa wakati wake. Risasi haikufika hata moja.

Askari wanaojifunza

Katikati ya mwaka 1917 Waingereza walikubali kile ambacho pori lilikuwa likiwaambia. Askari wengi wa Afrika Kusini na Bara Hindi, waliodhoofishwa na maradhi, waliondolewa, na vita vikaachiwa zaidi askari wa Afrika Mashariki na Magharibi. Kikosi cha King's African Rifles, kilichoanza vita na batalioni 3, kilimaliza kikiwa na 22, chenye askari wapatao 35,000. Mafunzo yao nayo yalibadilika. Kabla ya vita, jeshi la kikoloni lilizoea kujipanga mraba, likitazama pande zote, kama linangoja mikuki. Mraba dhidi ya bunduki ya rashasha ni shabaha nzuri tu. Sasa kombania ilijifunza kutembea ikiwa imetawanyika, doria zikitangulia, na ilipokutana na adui sehemu moja ilimshikilia kwa risasi huku nyingine ikizunguka ubavuni. Bunduki nyepesi za rashasha za Lewis, ambazo mtu mmoja aliweza kuzibeba, na mizinga midogo ya Stokes iliyorusha mabomu kwa kuyapandisha juu ya vichaka, zilifaa zaidi kuliko mizinga mikubwa. Zilifaa kwa sababu zilibebeka.

Mapigano ya Mahiwa, karibu na Lindi, Oktoba 1917, yalionyesha kwamba pande zote mbili zilikuwa zimehitimu. Kwa siku nne walipigana kwa ukaribu mkubwa, mashambulizi yakifuatwa na mashambulizi. Inakadiriwa kuwa Waingereza walipoteza watu 2,700 kati ya 5,000 hivi waliokuwa nao, na Wajerumani mia tano au zaidi kidogo kati ya 1,500. Kwa hesabu ya watu Lettow-Vorbeck alishinda. Kwa hesabu ya risasi alishindwa, maana akiba yake ya risasi zisizotoa moshi ilikuwa karibu kwisha na hapakuwa na mahali pa kupata nyingine. Mwezi uliofuata alivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji na kuiteka ngome ya Wareno huko Ngomano tarehe 25 Novemba 1917. Huko alipata bunduki, risasi na chakula. Mwaka mzima uliofuata alikwenda kule kulikokuwa na ghala. Aliposalimisha silaha Abercorn, yaani Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya, sehemu kubwa ya bunduki alizokabidhi ilikuwa ya Kiingereza na ya Kireno.

Maneno yaliyobaki

Kiswahili kilikipokea kizazi hiki cha silaha kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni sitiari ya kienyeji. Chombo cha chuma kinachokwenda bila kujali kilicho mbele yake kiliitwa kifaru, kwa jina la mnyama mwenye ngozi ngumu na hasira za ghafla. Chombo kinachoruka kiliitwa ndege. Njia ya pili ni kuazima na kutohoa: manowari kutoka Kiingereza, rashasha kutoka Kiarabu, na bombom, neno linalosikika kama mlio wenyewe. Wanaoshughulikia uundaji wa istilahi wangenufaika kuona kwamba maneno haya hayakungoja kamati. Yaliundwa na watu waliohitaji kuonyana upesi. Miaka michache baadaye, Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, Shaaban Robert aliweza kuvitungia utenzi mrefu akiwa na msamiati ambao sehemu yake ulikuwa umekwisha kuiva katika vita vya kwanza.

Neno la Kariakoo lina historia tofauti na hayo yote. Halikutaja silaha wala mnyama, lilitaja watu. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam Septemba 1916, kambi ya wapagazi iliwekwa pembeni mwa mji, na mahali hapo pakabaki na jina hilo hadi leo. Nairobi nayo ikabaki na Kariokor yake. Miji yote miwili imezijengea sehemu hizo masoko, na anayekwenda kununua vikapu au nyanya hana sababu ya kujua kuwa anatamka jina la kikosi. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Kando ya Barabara ya Kenyatta jijini Nairobi kuna mnara wa ukumbusho wenye sanamu tatu za shaba nyeusi, mmojawapo akiwa mpagazi, na maandishi kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Majina ya waliokufa hayamo.

Huko Mombasa, ndani ya Ngome ya Yesu, umewekwa mzinga mmoja wa Königsberg, na karibu yake mzinga wa Pegasus, ile manowari iliyozamishwa Unguja. Watalii husimama hapo kupiga picha. Mzinga wa Königsberg una mtutu mrefu, na mtu akijaribu kuusukuma kwa bega lake hautikisiki.